Kwa Nini Tutapandia Basi Makambako

Njombe, Ijumaa jioni

Lutengano mwanangu,

Mambo ya blanketi, sufuria na kutokula chipsi kila siku mama yako amekwisha kuyasema, na namjua, atayasema tena kesho dirishani ukiwa umekwisha kukaa kwenye kiti. Mimi sina la kuongeza hapo. Wewe umekwenda kuwaaga rafiki zako sokoni, mama yako anapiga pasi mashati yako huku akiimba, na mimi nimekaa kwenye meza ya kulia chakula. Ile ya kuandikia makala nimeiacha makusudi. Kwenye ile meza nimezoea kuandika ili nishinde, na leo sitaki kumshinda mtu.

Uliniuliza mwanzoni mwa wiki iliyopita: "Baba, mabasi ya Morogoro yanaanzia hapa hapa Njombe. Kwa nini tuhangaike kwenda kupandia Makambako?" Nikakujibu, "Utajua." Tangu Jumapili hujaniuliza tena kitu chochote. Unanijibu "ndiyo" na "hapana" kama shahidi aliyeonywa na wakili wake. Nakuelewa. Nilikuaibisha mbele ya ukoo mzima, kisha mimi, mtu ambaye wahariri wa magazeti wanamwomba apunguze maneno, nikakosa hata sentensi moja ya kukueleza sababu. Barua hii ndiyo sentensi hiyo. Imekuwa ndefu, unanijua.

Nianze na Jumapili, maana najua bado inakuuma. Ulikuwa umepiga magoti kwenye mkeka, umevaa shati jeupe, kama tunavyofanya kila mtoto wa ukoo wetu anapoondoka kwenda mbali. Mkubwa wa ukoo anamwekea mkono kichwani, anamwombea, watu wanaitika amina, halafu tunakula. Mkubwa wetu ni babu yako wa Matamba, ambaye kwangu ni baba mkubwa. Alisimama na fimbo yake, akasafisha koo, akainua mkono wa kulia. Nikamdaka kifundo cha mkono kabla haujakufikia.

"Mkono huu hautagusa kichwa cha mwanangu," nilisema.

Shangazi yako Tulia akaweka bakuli chini kwa kishindo. "Wewe umelewa ulanzi asubuhi hii?"

"Sijalewa, dada."

"Basi umerogwa! Huyu ndiye aliyekusomesha! Bila huyu ungekuwa unachunga mbuzi mpaka leo!"

Na yeye mzee, kwa sauti ile yake ya upole ambayo watu wote wanaipenda, akasema, "Mwacheni. Vitabu vimemharibu." Watu wakacheka kidogo, ule mcheko wa kuokoa aibu. Wewe ukainuka ukatoka nje. Uliporudi uliniambia neno moja tu: "Umenivua nguo mbele za watu." Wali ulipoa kwenye masinia na hakuna aliyeula.

Sasa nakuambia. Nilipokuwa darasa la nne, baba yangu alinipeleka Matamba nikakae kwa kaka yake kwa sababu shule ya kule ilikuwa na walimu. Ndivyo ilivyofanyika kwa watoto wengi wa rika langu, na wengi walipata watu wema. Mimi sikupata. Asubuhi nilikwenda shule, mchana nilichuma pareto kwenye shamba lake, jioni alituwekea mikono vichwani na kutuombea mmoja mmoja. Na mtu huyo huyo, kwa mkono huo huo, alinitendea mimi mtoto mambo ambayo mtu mzima hapaswi kumtendea mtoto. Yalidumu mpaka nilipomaliza darasa la saba. Zaidi ya hapo sitaandika, si kwa sababu nakuficha, bali kwa sababu huhitaji kujua zaidi ili unielewe. Yamekwisha kusikilizwa yote, na watu wanaoweza kuyabeba.

Pumua. Mimi pia nimesimama hapa, nikanywa chai.

Mama yako anajua. Nilimwambia kabla sijamwoa, kwa kifupi, kama mtu anayetaja ugonjwa aliougua utotoni, nikamwomba tusiyarudie. Hakuyarudia mpaka nilipoyarudia mwenyewe. Hilo peke yake ni sababu ya kumheshimu mwanamke huyu maisha yako yote, hata anapokusumbua kuhusu blanketi.

Unaweza kujiuliza, mzee huyu mgomvi, aliyegombana na mwalimu wako mkuu, na mwenyekiti wa mtaa, na wachungaji wawili kwa mpigo, kwa nini alinyamazia jambo hili? Nitakujibu kwa hasira kidogo, uniruhusu. Kwa sababu nilifundishwa shukrani. Kila likizo niliporudi nyumbani, kabla sijatua begi, niliulizwa, "Umemshukuru baba mkubwa?" Nilipofaulu kwenda sekondari, nilipelekwa kumshukuru na jogoo. Nilipooa, alikaa kiti cha mbele nikamshukuru kwenye kipaza sauti. Lute, watu wetu ni wakarimu kweli, mtu atakulishia mtoto bila kuuliza. Lakini tumeugeuza ukarimu huo kuwa kufuli. Aliyekulisha hawezi kukukosea. Aliyekusomesha hasemwi. Ukifungua mdomo, wewe ndiye mwizi wa fadhila, na ukoo mzima unasimama kulinda sahani uliyolia badala ya kukulinda wewe uliyekuwa unalia juu yake. Halafu wanakuja wale wa "yameshapita hayo", na wale wa "samehe upone", ambao hawajawahi kuuliza unachotakiwa kusamehe ni nini. Nimesoma vitabu vya nchi nyingi nikitafuta watu wenye ujinga huu peke yao. Hakuna. Upo kila mahali, ila kwetu unavaa koti la shukrani, na koti lile ni la joto, hasa kwenye baridi ya Matamba kule Makete.

Hayo yametosha. Naona nimeanza kuhutubia.

Miaka mingi nilidhani nimelishinda jambo hili kwa kupiga kelele juu ya mambo mengine. Niliandika dhidi ya viboko shuleni, dhidi ya watu wanaowapeleka mabinti wadogo kufanya kazi za ndani mijini, dhidi ya kila mkono uliomwelemea mtoto. Siku moja nilialikwa redioni nikazungumza juu ya watoto wanaoumizwa nyumbani. Nilinguruma. Nilipotoka nikakuta ujumbe kwenye simu, namba nisiyoijua: "Umewasemea vizuri watoto wa watu wote. Na wewe je?"

Nilitukana peke yangu barabarani. Nikaandika majibu ya kejeli, nikayafuta. Nikampigia. Sauti ya mwanamke, nyuma yake msumeno unalia.

"Wewe ni nani?" niliuliza.

"Mfanyabiashara wa mbao, Makambako."

"Unanijua?"

"Sikujui. Ila nimesikia pale uliposema 'mtoto amelala anahesabu mabati ya paa', ukanyamaza. Hakuna mtu anayejua hilo la mabati kama hajayahesabu."

Kisha akanielekeza nyumba moja Kitandililo, huko huko Makambako, akaniambia Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akakata simu kwa sababu gari la mbao lilikuwa limeingia. Nilikaa muda mrefu sana kabla sijakwenda. Nilipokwenda nilivaa tai.

Hapa ndipo inapoanza sehemu ambayo nimekaa kuiandika kwa furaha. Majirani wa nyumba ile wanadhani sisi ni kikundi cha maharage. Na kweli tunachambua maharage: mwenye nyumba ana shamba, anamwaga gunia kwenye turubai, tunakaa kuzunguka, wanaume kwa wanawake, tunatoa mawe na yaliyooza. Wote tuliumizwa utotoni na watu waliopaswa kututunza. Hakuna daktari, hakuna mtaalamu wa semina mwenye kalamu za rangi. Anayetaka kusema anasema. Wengine mikono iko kwenye maharage, macho yako kwenye maharage, kwa hiyo hakuna anayekukodolea. Ukimaliza wanasema, "Tumekusikia." Basi. Hakuna ushauri, hakuna "mimi ningekuwa wewe". Hatuitani majina ya nyumbani. Huyo mama wa mbao ni Mama Mbao. Kuna mtu mkubwa kama kabati, anaendesha malori ya kwenda Tunduma, yeye ni Dereva. Hadithi zao ni zao na sitakuandikia hata moja. Nimewaomba ruhusa kukuandikia haya machache, wakanipa.

Siku ya kwanza niliingia nikanyoosha mkono kumsalimia Dereva, "Kamwene, kaka." Akaweka mikono yake nyuma. "Kamwene. Mkono leo hapana," akasema, kwa adabu kabisa. Nikajisikia nimetemewa mate. Mtu gani wa Njombe anakataa mkono? Nikakaa nimevimba. Zamu ya kusema ilipofika kwangu, sikusema lililonipata. Nilitoa mhadhara! Nilieleza historia ya ukimya katika jamii za wakulima, nikataja waandishi, nikapinga hoja ambazo hakuna aliyezitoa. Nilikuwa nimefika sehemu ya tatu Mama Mbao aliposema bila kuinua macho:

"Redio, zima kidogo."

Watu wakaangua kicheko, na Dereva akacheka mpaka maharage yakamwagika mapajani. Mwanangu, nimeitwa majina mengi na watu wenye shahada. Hakuna lililonifaa kama hilo. Nikacheka na mimi, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na nikasema sentensi ya kwanza ya kweli niliyowahi kuisema mbele za watu. Ilikuwa fupi. Wakasema, "Tumekusikia."

Mpaka leo wananiita Redio. Ukisikia kesho mtu anaita hivyo, anamwita baba yako.

Ule mkono wa Dereva niliuelewa baadaye. Kule tunaulizana kwanza. Unafika, unasema, "Mkono?" Mwenzako anasema "Mkono," mnashikana, au anasema "Leo hapana," na mnakaa kama kawaida, hakuna anayenuna, hakuna anayeuliza kwa nini. Nje ya nyumba ile sisi ni watu wa kushikana mikono mpaka na mtu tusiyemjua kwenye foleni ya benki, na ni desturi nzuri, siipingi. Lakini Jumamosi moja nilifika nimechoka, Mama Mbao akaniuliza, "Mkono?" na nikasikia mdomo wangu unasema, "Leo hapana." Akaitikia, "Haya, sogea kwenye turubai." Hakuna kilichoanguka. Nilikuwa na mvi kichwani, na ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mtu mwili wangu nikabaki mtoto mzuri. Nililia juu ya maharage ya watu. Yakasafishwa kwa chumvi yangu.

Ndiyo maana ya Jumamosi zangu za Makambako. Najua ulichokuwa unadhani. Ulikuwa kidato cha nne uliponiona navaa koti, ukaniambia mbele ya mama yako, "Baba, msalimie mdogo wangu wa Makambako." Mama yako akaingia jikoni haraka. Nilidhani amekwenda kulia, kumbe alikuwa amejiziba mdomo na kanga asicheke. Nyumba ndogo! Mimi, ninayesahau kulipia maji ya nyumba hii moja! Lakini ulikuwa umeumia, na ulinuna kwa ajili ya mama yako, na nilikupenda kwa hilo hata nilipokuwa nakukemea. Ningekujibu siku ile. Sikuwa tayari. Asante kwa kuendelea kuishi na baba ambaye hakuwa tayari.

Kuna jambo jingine kuhusu Jumapili. Nilipowaambia wenzangu wa kikundi kwamba wanaandaa ibada ya kukuaga na kwamba babu wa Matamba ndiye atakayekuwekea mkono, kwa mara ya kwanza walivunja kanuni yao wakaniuliza swali. Dereva ndiye aliyeuliza: "Nyumbani kwake sasa hivi kuna mtoto?" Nikaacha kuchambua. Yupo. Mjukuu wake, yatima wa upande mmoja, amepelekwa pale asome. Nilikuwa namfahamu, nilikuwa namnunulia madaftari, na kichwa changu, kilichojaa vitabu, kilikuwa hakijawahi kuunganisha waya hizo mbili. Kwa hiyo sikumdaka mkono kwa ajili yako tu, wala kwa ajili ya kisasi. Nilitaka ukoo wote usikie, wanichukie wakipenda, lakini waanze kuutazama mkono ule. Jumatatu nilikwenda ustawi wa jamii nikasema kila kitu, na jina langu nikaliandika. Wameanza kufuatilia.

Na Jumatano shangazi yako Tulia akapiga simu. Nilijiandaa kwa vita.

"Kale katoto nimekahamishia kwangu," alisema. "Usiniulize kitu."

"Sikuulizi, dada. Asante."

Halafu akasema, "Ni mimi niliyekubebea sanduku lako mpaka kwenye lori. Siku ile unakwenda Matamba."

"Nakumbuka. Ulinipa mahindi ya kuchoma."

"Na wewe ungesema."

"Ningemwambia nani, dada?"

"Hata mimi sijui," akasema, na akakata. Dada yangu hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe. Nimeshukuru kwa mambo mengi maishani kwa sababu nilisukumwa kichwa chini nishukuru. Kwa hilo jibu lake nilishukuru bila kusukumwa na mtu, jikoni, nimeshika sufuria.

Sasa wewe. Huko chuoni unakokwenda utakaa chumba kimoja na vijana wa kila aina, na siku moja mmoja wao anaweza kuanza kukueleza jambo, akalizunguka, akacheka katikati. Wewe ni mwanangu, kwa hiyo ulimi utakuwasha kumpa hoja. Tafuta kitu cha kufanya na mikono. Menya viazi. Kuna watu watano au zaidi Kitandililo walioniokoa kwa kuchambua maharage tu na kukaa.

Na kuna hili la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha mezani. Ulipokuwa mdogo, tukivuka barabara hapa mjini, nilikuwa nakushika ukosi wa sweta. Sikukushika mkono. Ulikuwa unapiga kelele watu wasikie, "Baba ananishika kama mbuzi!" na wauza ndizi wanacheka, na mimi nacheka. Ulipopata homa mama yako alikupapasa kichwa, mimi nilisimama mlangoni nikisoma maandishi ya chupa ya dawa. Sijawahi kukuwekea mkono kichwani, Lute. Hata siku moja. Hukukosa kitu chochote ulichopaswa kuwa nacho ili upendwe. Nilikuwa naogopa mkono wangu. Nilidhani mkono wa mwanaume juu ya kichwa cha mtoto ni kitu kimoja tu, na sikutaka ukijue. Kumbe nilikuwa nakunyima na kile kingine. Ukakua hivyo hivyo, mchangamfu, mwenye kukumbatia kila mtu, na kila nilipokutazama nilishangaa upole huo uliutoa wapi. Asante kwa kuwa hukungoja nikufundishe.

Kesho tutateremka Makambako mapema. Stendi utawaona watu wamekaa kwenye ukuta karibu na wauza parachichi: mama mmoja mnene mwenye vumbi la mbao kwenye viatu, mwanaume mkubwa kama kabati, na wengine. Hawajawahi kukuona, ila wanakujua kuanzia ukosi wa sweta. Wamekuletea kilo kadhaa za maharage yaliyochambuliwa vizuri kuliko yote nchini. Watakuuliza, "Mkono?" Jibu unavyojisikia.

Kisha nitakuuliza na mimi. Baraka uliyoikosa Jumapili ilikuwa haki yako, na aliyepaswa kukupa tangu mwanzo ni mimi. Kwa hiyo nitasimama mbele yako pale stendi, makondakta wakipiga kelele, sitakuambia upige magoti, nitasema, "Kichwani?" Ukikubali, nitakuwekea mkono nikuombee, kwa mara ya kwanza. Ukisema leo hapana, nitabeba begi lako mpaka mlangoni mwa basi, na nitakuwa baba yako vilevile, na swali hilo litakungoja hapa nyumbani kila likizo bila kununa.

Nakusikia getini, unagombana na mbwa. Naikunja barua.

Baba yako,
ambaye Makambako wanamwita Redio